Sponji nimebandika, besi bado inavuma: paneli ziwekwe wapi hasa?

Mwana_Chumbageni

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wale mliowahi kushughulika na studio au chumba cha kusikilizia muziki.

Nipo Tanga, Chumbageni. Watoto wakubwa wameshahama, chumba kimoja kikabaki wazi, nikakifanya cha muziki. Hakuna televisheni humo, ni kochi na mitambo tu. Vipimo nimevichukua kwa futikamba: urefu mita 4.2, upana mita 3.4, toka sakafuni hadi dari mita 2.8. Kuta ni bloku zilizopigwa plasta, chini marumaru, juu dari ya jipsamu. Spika mbili zenye wufa (zile koni za besi) za inchi 6.5 ziko ukuta mfupi usio na dirisha, juu ya stuli, karibu zinagusa ukuta. Kochi limeegemea ukuta wa upande wa pili, chini ya dirisha la alumini. Mlango uko ukuta wa kulia, unaanzia mita moja toka kona ya mbele, na unafungukia nje ukumbini.

Mimi ni mtu wa taarabu toka utotoni. Nina santuri za Black Star na Lucky Star za hapahapa kwetu, na sidii kadhaa za Culture Musical Club ya Unguja ambazo ukizisikiliza kwa hedifoni unaweza kuhesabu fidla moja moja. Ndani ya chumba hiki ilikuwa haiwezekani. Sauti kali, imetawanyika, na ukipiga kofi moja chumba kinakujibu trrrrii kama mtu kachapa waya wa seng'enge.

Nikasoma huku na huku, nikaagiza sponji za piramidi, nene sentimita 2.5, vipande 120 vya sentimita 30 kwa 30. Nikavibandika kwa gundi: ukuta wa nyuma ya spika karibu wote, vilivyobaki ukuta wa kushoto. Ile trrrrii imepungua, nakiri. Lakini fidla sasa zinasikika kama zimefunikwa blanketi, na besi imekuwa mbaya kuliko mwanzo. Kuna noti moja ikipigwa chumba kizima kinavuma, kioo cha dirisha kinatetemeka, na inakaa hapo hata baada ya mpigaji kuhama noti. Nilichukua gitaa la besi la jirani nikaitafuta: ni E, uzi mnene ukiwa wazi. Nikipanda kidogo hadi G-sharp, besi inapotea kabisa, kama mtu kaizima.

Swali langu: ninunue sponji nyingine nimalizie kuta mbili zilizobaki? Au kosa langu ni mahali nilipozibandika? Nimeshatumia fedha ambazo mke wangu alikuwa na mipango nazo, safari hii nataka nifanye kitu kwa kuelewa.

Sauti_ya_Kilombero

Mkuu pole. Mimi studio ya mtaani kwetu walipigilia trei za mayai ukuta mzima na mapazia mazito, wakasema imesaidia. Trei ni rahisi kupata, jaribu kabla hujatumia pesa zaidi.

FundiMitambo

Mwana Chumbageni, asante kwa kuweka vipimo, maana bila hivyo ningekuwa nabahatisha. Nimekaa miaka 19 nyuma ya kioo cha studio ya redio Dar, sasa nimestaafu, na jambo hili naliandika kwa kirefu kwa sababu linaniuma kuona watu wanauziwa sponji.

Usinunue sponji nyingine. Na ndugu wa Kilombero, trei ya mayai ni karatasi nyembamba: hukwaruza kidogo sauti za juu, basi. Halafu ni kuni zilizokauka zinazosubiri cheche ya soketi. Studio nyingi za mitaani zimefunikwa trei hizo na rekodi zake bado zinavuma.

Tuanze na hiyo E yako. Kwa joto la Tanga, tuseme nyuzi 28, sauti husafiri kama mita 348 kwa sekunde. Chukua 348, gawa kwa mara mbili ya urefu wa chumba, yaani 8.4. Unapata hezi 41 na ushee, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Sasa uzi mnene wa gitaa la besi, ukiwa wazi, ni hezi 41.2. Umeona? Bila kukusudia, aliyekujengea nyumba alikujengea chumba chenye urefu wa noti hiyohiyo. Fanya hivyohivyo kwa upana: 348 gawa kwa 6.8, unapata 51. G-sharp ya chini ni hezi 51.9. Noti yako inayovuma na noti yako inayopotea zote mbili zimetoka kwenye futikamba.

Kwa nini moja inavuma na nyingine inapotea? Chukua beseni, weka maji, lisukume mara moja. Maji yanapanda ukingoni, yanashuka, yanapanda ukingo wa pili, lakini katikati ya beseni kimo chake karibu hakibadiliki. Sauti ya besi chumbani hufanya vivyo hivyo. Kwenye ukuta mkandamizo wake ni mkubwa kabisa, katikati karibu hakuna. Wewe kwa urefu umekaa ukingoni, kichwa kimeegemea ukuta wa nyuma, kwa hiyo E inakupiga kwa nguvu zake zote. Kwa upana umekaa katikati kabisa, kwa hiyo ile ya 51 haikufikii. Kabla hujaamini maneno yangu, tafuta mlio wa hezi 41 kwenye simu, upitishe kwenye spika kwa sauti ya wastani (usizikamue, wufa za inchi 6.5 huumia huko chini), kisha tembea toka kwenye kochi kwenda mbele polepole. Ukifika mita 2.1 utasikia mlio unakufa. Kila ninayemwonyesha hili huwa anarudi nyuma na kwenda mbele mara tatu nne kuhakikisha.

Kwa hiyo paneli yako ya kwanza ni kochi. Lisogeze mbele hadi masikio yako yawe mita 1.4 toka ukuta wa nyuma, yaani theluthi ya urefu. Hapo mkandamizo wa 41 ni nusu ya ule wa ukutani, desibeli 6 pungufu, na wa 83 ambayo ni ndugu yake wa pili nao ni nusu. Hujatoa hata senti. Spika zisogeze mbele mpaka nyuso zake ziwe kama sentimita 80 toka ukutani, na katikati ya spika na spika mita 1.8, zote zikiwa na umbali uleule toka kuta za kando. Usawa huu wa kushoto na kulia usiufanyie utani. Sponji kushoto peke yake, kulia plasta tupu, maana yake mwimbaji amehama, hakai katikati tena.

Sasa kwa nini sponji ya sentimita 2.5 imekuharibia? Kitu chenye vinyweleo humeza sauti pale ambapo hewa inakimbia, na hewa haikimbii ukutani, inakimbia umbali wa robo ya wimbi toka ukutani. Wimbi la hezi 3,500 lina urefu wa sentimita 10, robo yake ni hizo 2.5 zako. Huko juu sponji inafanya kazi kweli, ndiyo maana fidla zimevaa blanketi. Wimbi la hezi 41 lina mita 8.4; robo yake ni mita 2.1. Hiyo sponji kwake ni rangi ya ukuta. Ukibandika nyingi unakuwa unakata juu tu, na besi ikibaki peke yake inasikika kubwa zaidi. Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini tulifunika chumba cha watangazaji kwa zulia kuta zote nne, na mtangazaji akawa anasikika kama anaongea ndani ya mtungi. Tuliling'oa zulia wiki mbili baadaye, usiku, ili matangazo ya asubuhi yasikwame.

Unachohitaji ni vitu vichache vinene. Rokwuli, ile sufu ya mawe, au glasiwuli iliyoshinikizwa ikawa ubao, huuzwa vipande vya sentimita 120 kwa 60, unene sentimita 5. Omba yenye uzito kati ya kilo 40 na 60 kwa mita ya ujazo. Weka viwili pamoja upate sentimita 10, tengeneza fremu ya mbao za moja kwa nne, na uache nafasi ya sentimita 5 hadi 10 kati ya paneli na ukuta. Nafasi hiyo ni ya bure na inafanya kazi kama umeongeza unene.

Ngapi? Hesabu hii ni ya Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard. Mwaka 1895 alipewa ukumbi wa mihadhara ambao maneno yalikuwa hayasikiki, akawa anabeba mito ya viti ya ukumbi wa jirani usiku, anaingiza mmoja baada ya mwingine, anapiga bomba la kinanda na kupima kwa saa sauti inachukua muda gani kufa. Namheshimu sana mtu huyu, kwa sababu alianza na mto na sikio lake. Kanuni yake: ujazo wa chumba mara 0.161, gawa kwa mita za mraba zinazomeza sauti. Chumba chako kina ujazo wa mita 40. Ukitaka sauti ife kwa sekunde 0.4, ambazo ni nzuri kwa chumba kama hicho, unahitaji kama mita 16 za mraba. Kochi, wewe mwenyewe, mlango na vinginevyo vinakupa 5 hivi. Zulia zito la sakafuni na pazia la dirisha, tatu nyingine. Zinabaki 8. Paneli moja ni mita za mraba 0.72, na kwa kuwa kingo zake nazo humeza, paneli 10 zinakufikisha.

Mahali pa kuziweka: anza na kando. Kaa kwenye kochi, mtu mwingine ashike kioo ukutani usawa wa kichwa chako, akisogeze taratibu toka kwenye spika kuja kwako. Pale unapoiona twita, ile koni ndogo ya sauti za juu, ndani ya kioo, hapo ndipo sauti inapodunda kuja sikioni. Kwa mpangilio niliokupa, spika ya karibu utaiona kama mita 1.44 toka ukuta wa mbele, na ile ya mbali kwenye mita 2. Sauti hiyo ya kudunda inasafiri mita moja zaidi ya ile inayokuja moja kwa moja, kwa hiyo inafika sehemu tatu za elfu za sekunde baadaye. Sikio haliisikii kama mwangwi, linaichanganya na sauti yenyewe, na hapo ndipo udi na kanuni, zile ala za nyuzi za taarabu, vinapogandana. Weka paneli mbili zilizosimama, zikigusana, toka mita 1.1 hadi 2.3. Zinashika alama zote mbili. Kulia utakutana na mlango, najua. Paneli moja iwekwe juu ya mlango wenyewe, iwe ya sentimita 5 ili bawaba zisichoke, nyingine ukutani.

Halafu kona mbili za mbele: paneli mbili juu kwa juu kila kona, zimelala kimshazari, na nyuma yake jaza vipande vilivyobaki. Besi zote hukusanyika kwenye kona, ndipo pa kuzikamatia. Nakwambia ukweli lakini: kwa hezi 41 kona hizi zitasaidia kidogo tu, kochi ndilo litakalofanya kazi kubwa. Kuanzia 80 kwenda juu utaziona. Paneli mbili za mwisho ukuta wa nyuma, pande zote za dirisha.

Na hizo sponji, ng'oa zote.

Binti_MjiWaKale

Salaam aleikum nyote. Shikamoo mzee FundiMitambo, nimesoma neno kwa neno.

Mie niko Mombasa, nashona, na ndugu yangu anarekodi kasida nyumbani, kwa hivyo vitambaa vya paneli zake nimevishona mie. Nawaongezea mawili matatu ya huku pwani.

Kitambaa: kabla ya kununua, kiweke mdomoni upulize. Pumzi ikipita bila kukusumbua, sauti nayo itapita. Ikikataa, hata kiwe kizuri vipi, kirudishe. Muuzaji mmoja alinishikilia sana nichukue ngozi bandia kwa sababu haichafuki. Ile ingekuwa kama kufunika paneli kwa plastiki. Amerikani inapita vizuri, na leso nayo inapita, ya pamba. Kaka yangu alitaka leso, nikamtafutia doti mbili za rangi moja, nikazipanga pindo zikae wima kwenye kingo za fremu na jina likae chini. Zinapendeza, na chumba hakifanani na karakana. Tafadhali usipige rangi juu ya kitambaa, rangi huziba matundu.

Rokwuli inawasha. Vaa glavu, funga pua na mdomo, mikono mirefu. Kabla ya kitambaa cha nje, ifunge kwanza kwa kile kitambaa chepesi kisichofumwa kinachowekwa chini ya makochi, ili nyuzi zisitoke zikawa zinaelea chumbani mnamovutia pumzi kila siku.

Unyevu: mwezi wa tano huku kuta hutoka jasho. Ile nafasi ya nyuma aliyoisema mzee si ya sauti peke yake. Paneli ya kwanza ya kaka aliigandisha ukutani, tukaja kuishusha baada ya masika tukakuta mbao na kitambaa vimeota ukungu mweusi, chumba kinanuka. Rokwuli yenyewe ilikuwa nzima. Sasa zote zina vipande vya mbao nyuma vinavyozisukuma mbele, na chini hazigusi sakafu.

Mtu atakwambia tumia sufi ya mito, maana kwetu ipo. Ni kweli inameza sauti, nimeipenda hata mie. Lakini sufi hushika moto upesi mno, upesi kuliko pamba. Karibu na amplifaya na nyaya, mie sikubali.

Mwana_Chumbageni

Mzee FundiMitambo, shikamoo. Dada Binti, nashukuru sana, hilo la kupuliza nitalifanya kesho sokoni.

Usiku huu nimefanya ule mtihani wa kutembea. Nimeweka mlio wa 41 nikaanzia kwenye kochi. Kioo cha dirisha kinatetemeka nyuma ya kisogo changu. Hatua moja, mbili, ukaanza kupungua, na nilipofika katikati ya chumba haukuwepo. Spika zinatikisika, naziona kwa macho wufa zinacheza, na masikioni hakuna kitu. Nikamwita mke wangu, naye akatembea. Akaniuliza, sasa kama tatizo lilikuwa pale ulipokaa, ulinunua sponji za nini? Sikuwa na jibu.

Maswali mawili. Glasiwuli nimeipata kwa fundi wa majokofu, ni laini imekunjwa kama godoro, si ubao. Inafaa? Na paneli za kona, kama nikiishia na pesa za kando tu kwa sasa, nianze na zipi?

FundiMitambo

Marahaba mwanangu.

Ile laini ya kukunja tumia kujazia kona, hapo ni nzuri sana, lakini usiisukumizie ikabanana, iache ivimbe. Kwa paneli za kando tafuta ya ubao, maana laini huteleza chini ndani ya fremu na baada ya miezi sita nusu ya juu inabaki kitambaa kitupu.

Ukiwa na pesa ya sehemu moja, anza na kando. Kochi ukishalisogeza, besi itakuwa imeshapungua kiasi. Hapo kando utasikia badiliko siku ileile. Kona utazifuata mwezi ujao, hakuna mtu anayekukimbiza.

Mwana_Chumbageni

Wakuu, ni wiki ya tano sasa, naleta taarifa.

Kung'oa sponji kumenichukua Jumamosi nzima na kumeondoka na rangi na plasta kidogo, nimeziba na kupaka upya. Rokwuli nilipata Dar, ikaja kwa basi, pakiti tatu. Seremala wa hapa mtaani alinichongea fremu kumi za mbao za moja kwa nne. Ile ya mlangoni tumeipunguza iwe ya sentimita 5 kama mzee alivyoelekeza. Vitambaa ni amerikani, isipokuwa zile mbili za ukuta wa nyuma ambazo mke wangu alizichagulia kanga zake mwenyewe.

Kioo alishika binti yangu wa darasa la sita. Mimi nimekaa, yeye anatembeza kioo ukutani, kila akisimama ananiuliza, "Baba, unaiona?" Spika ya karibu ilitokea kwenye mita 1.5, ya mbali mita 2 kamili. Akaweka alama ya penseli mwenyewe. Tofauti na hesabu ya mzee ilikuwa sentimita sita, nadhani kwa sababu kochi langu halikukaa sawasawa.

Siku ya kwanza tulitundika nne za kando tu. Nikaweka sidii ileile ya Culture Musical Club niliyokuwa nikiikimbia. Zamani kanuni na fidla zilikuwa ukuta mmoja wa sauti. Sasa kanuni imekaa kushoto kidogo, ndani zaidi, nasikia kidole kikiacha uzi kabla uzi haujalia vizuri. Fidla ziko nyuma yake, zimepanuka, na wale waitikiaji wanaume wakiingia unajua wako wengi. Niliisikiliza sidii nzima bila kuinuka. Mke wangu alikuja kusimama mlangoni, nikamwomba aingie na afunge mlango, kwa sababu mlango ukiwa wazi paneli yake inaondoka mahali pake na kulia kunachanganyika tena. Amekaa nyimbo mbili.

Kona zilifuata wiki iliyopita. Hapa ndipo nilipoona maneno ya mzee yalivyo ya kweli. E bado ipo kubwa kidogo kuliko wenzake, lakini ikipigwa inaondoka, haibaki ikivuma juu ya noti inayofuata. Kuanzia B kwenda juu besi imekuwa na umbo, unafuata kidole. G-sharp bado ni hafifu nikikaa katikati. Nikisogea sentimita 40 kulia inarudi. Nimeamua kuishi nayo, kwa sababu nikihama katikati napoteza yale mengine yote.

Kofi nimelipiga leo asubuhi. Sauti inatoka, inakufa. Ila nikisimama katikati kati ya spika na kochi, juu bado kuna kile kimlio chembamba, nadhani ni dari na marumaru vinajibizana, zulia halijafika sehemu hiyo. Rokwuli imebaki ya paneli mbili. Nataka kuzitundika darini. Mzee, jipsamu itabeba?

FundiMitambo

Nimefurahi sana, na mpe hongera huyo binti.

Jipsamu haibebi, usijaribu hata kwa skrubu za kupanua. Paneli ya sentimita 10 pamoja na fremu ina kilo sita, saba, na iko juu ya kichwa cha mtu. Ni lazima skrubu ziingie kwenye mbao zilizo juu ya jipsamu. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge na soksi isichafue dari, itembeze darini taratibu. Inapovutwa, pana skrubu ya fundi aliyepiga dari, na nyuma ya skrubu hiyo pana ubao. Weka alama, fuata mstari, utaona skrubu zimepangana kwa nafasi sawa. Huko ndiko kwa kutoboa.

Kila paneli ipe ndoano nne na waya, ining'inie sentimita 10 chini ya dari. Kwa urefu ziweke katikati ya spika na masikio yako, mita 1.8 toka ukuta wa mbele, zote mbili zikiwa bega kwa bega. Binti akishika kioo darini juu ya ngazi, wewe shika ngazi.